Ukaazi wa kudumu Australia kupitia mwajiri: anza kutunza karatasi ukiwa bado Mwanjelwa

Nimerudi Uyole likizo, na kila jioni anaingia kijana uani na bahasha ya vyeti. Swali lao ni moja: kaka, wewe fundi wa dizeli tu, ukaazi wa kudumu ulipataje? Naandika ili wote wasome.

Nilisoma VETA hapa Mbeya, kisha nikafanya kazi miaka sita gereji ya Mwanjelwa. Tulitengeneza malori ya Tunduma, mengi yakiwa yameunguza breki mteremko wa Iwambi. Mshahara nilipewa mkononi kila Jumamosi. Mwajiri wa Perth, Australia, alipotaka uthibitisho, sikuwa na karatasi hata moja. Tulikaa na bosi siku mbili kuandika barua: tarehe ya kuanza na ya kuacha, saa za kazi kwa wiki, kazi zenyewe (kushusha injini, kubadili nozeli, kurekebisha breki za upepo), namba yake ya simu, TIN na muhuri. Mdogo wangu unayelipwa mkononi leo, mwombe bosi akutumie kwa simu au benki, upate taarifa ya miamala ya kuambatanisha na barua kama hiyo.

Njia niliyopita ina ngazi mbili. Kwanza, mwajiri aliyeidhinishwa kuwa mdhamini anaombea nafasi yako kibali, nawe unaomba visa ya muda, namba 482, ya hadi miaka minne. Kazi yako iwe kwenye orodha ya kazi ya Australia na uwe na uzoefu wa angalau mwaka mmoja. Ukishafanya kazi chini ya mdhamini miaka miwili ndani ya mitatu, mwajiri anaweza kuiombea nafasi yako kibali cha visa namba 186, nawe ukaiomba visa hiyo, na hiyo ndiyo ya kudumu. Kwa kawaida uwe hujafikisha miaka 45, na IELTS, mtihani wa Kiingereza, upate 6 kila sehemu. Mimi kuandika kulinipa 5.5 mara ya kwanza, nikarudia. Anzeni Kiingereza sasa, si mkishafika.

Hiyo miaka miwili ihesabuni kwa makini. Mama alipofariki Tukuyu nilikaa nyumbani wiki tano. Mbili zilikuwa likizo ya malipo iliyobaki, tatu bila malipo, na hizo tatu hazikuhesabiwa. Wakili alinizuia kuwasilisha ombi hadi nizifidie kazini, kwa sababu pungufu ya wiki moja tu ingetosha kulikwamisha. Kumzika mama ningeenda tena kesho, ila ningekuwa nimeweka akiba ya likizo: mfanyakazi wa kudumu kule anapata wiki nne za malipo kwa mwaka. Tunza kila hati ya mshahara tangu wiki ya kwanza.

Ukiachishwa kazi ukiwa na 482, usikimbilie kujificha. Una hadi siku 180 kwa mara moja kutafuta mdhamini mwingine, na jumla isizidi siku 365 katika muda wote wa visa. Muda uliofanya kazi kwa mdhamini wa kwanza nao siku hizi unahesabika.

Kuhusu pesa, nawasihi. Kabla sijaondoka, dalali mmoja alitaka milioni tatu "za udhamini". Tangu Desemba 2015 sheria ya Australia inakataza kuuza na kununua udhamini, na inambana anayelipa pia. Tozo ya mafunzo kwa nafasi ya 186 ni ya mwajiri: dola 3,000 za kule kama mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni 10, na 5,000 kama yanafika au kuzidi. Haruhusiwi kukukata mshahara kuifidia. Wewe unaweza kulipia mtihani, vipimo vya afya, cheti cha polisi na ada ya visa yako. Wakala wa uhamiaji wa kule naye ana namba ya usajili. Mwombe, uikague kwenye daftari la OMARA, ofisi ya Australia inayosajili mawakala hao, kabla hujatoa hata shilingi.

Vyeti vya polisi vinatakiwa kutoka kila nchi uliyoishi jumla ya miezi 12 katika miaka 10 iliyopita, kwa hiyo mimi nilihitaji cha Tanzania na cha Australia. Alama za vidole chukueni mapema.

Pasipoti yangu imebaki ya Tanzania, kwani ukaazi si uraia. Nipo hapa Uyole hadi Ijumaa. Mwenye barua ya gereji ailete tuisome pamoja, na bosi wake akiweza aje naye, maana sahihi na muhuri ni vyake.