Somo: Kifaru cha 1/72 kwa aliyezoea kuunda ndege

Swali hili nimelijibu mara nyingi hadi nimechoka: "Mimi huunda ndege za 1/72, nataka kujaribu kifaru cha skeli hiyohiyo, nianzie wapi?" Nimeamua kuandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa, hata akiwa jirani yangu.

Nazungumzia vifaru vya vita vya plastiki vya kuunganisha, vilivyopunguzwa mara 72, ndiyo maana ya 1/72. Mfano wangu ni T-34/85, kifaru cha Kisovieti cha Vita vya Pili vya Dunia. Ina magurudumu makubwa matano kila upande na haina vile vidogo vya juu vya kubeba mnyororo, ule mkanda wa chuma unaozunguka magurudumu. Boksi la Revell, kampuni ya modeli za plastiki, lina mnyororo wa plastiki ngumu, vipande virefu pamoja na pingili mojamoja. Bodi, yaani mwili wa kifaru, inatoka na urefu wa sentimita 8.5 hivi. Usiidharau kwa udogo wake.

Kabla ya chochote, elewa tofauti hii. Ndege husimama kwa magurudumu matatu, na vitu vitatu siku zote vitagusa meza. Mguu ukipinda, ndege itainama tu, lakini itasimama. Kifaru hiki kina kumi, na yote yanatakiwa kugusa chini kwa pamoja. Ndege unaianza kwenye kiti cha rubani. Kifaru unakianza chini.

Vifaa: kisu chenye ncha, mkasi wa kucha wa mdomo bapa, msasa wa 400 na 600, gundi nyepesi ya plastiki ya kupaka kwa brashi, gundi nzito ya plastiki, supagluu, drili ya mkono yenye ncha ya milimita 1, na kipande cha kioo. Kioo ombeni kwa fundi wa madirisha, vipande hivyo yeye huvitupa.

Hatua ya 1. Osha fremu zote zenye vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Kausha.

Hatua ya 2. Unganisha bodi ya chini juu ya kioo, si juu ya meza ya mbao. Funga kwa raba na uiache usiku kucha. Bodi ikipinda hapa, hakuna msasa utakaoinyosha baadaye.

Hatua ya 3. Magurudumu. Gundisha nusu ya nje na ya ndani ya kila gurudumu, lakini usiyagundishe kwenye bodi. Sugua vichomozo vya ekseli kwa msasa wa 600 mpaka gurudumu liingie na kutoka bila kulazimishwa. Sababu iko hatua inayofuata.

Hatua ya 4. Mnyororo. Hapa ndipo bodi nyingi huishia kwenye boksi la vipuri, mbili zangu zikiwemo. Soma yote kabla ya kufungua gundi.

Kosa la mtu wa ndege ni kutumia gundi nyepesi aliyoizoea. Inakauka upesi, pingili zinakuwa ngumu zikiwa zimenyooka, na ukizizungusha kwenye sproketi, gurudumu la nyuma linaloendesha mnyororo, zinaachana mojamoja. Tumia gundi nzito. Laza tepu ya karatasi kwenye kioo, upande unaonata ukiwa juu, panga pingili za mbele na za nyuma kwa idadi iliyo kwenye maelekezo, kisha tia tone dogo kwenye kila kiungo. Ngoja dakika 20 hadi 30; asubuhi ya baridi ya Nakuru ngoja 40. Inua ncha kwa kisu. Zikipinda bila kuachana, ndio wakati wake. Zikivutika kama ulimbo, ni mapema. Zikitoa mlio mdogo wa kukatika, umechelewa.

Anza na kipande kirefu cha chini: vika magurudumu yote, simamisha bodi juu ya kioo, gundisha kipande kwenye magurudumu matano. Kisha zungusha pingili za nyuma kwenye sproketi, halafu za mbele kwenye gurudumu la kukaza. Kipande cha juu kinaingia mwisho. Kama kuna nafasi iliyobaki, isukume chini ya madigadi ambako hakuna atakayeiona.

Sproketi ya T-34 usiitafutie meno ya nje kama ya bodaboda. Ni sahani mbili zenye roli katikati, na roli hizo hushika meno ya mnyororo wenyewe. Ndiyo maana pingili zinapishana: moja ina jino, inayofuata ni bapa. Ukiona meno mawili yamefuatana umekosea, rudi nyuma kabla gundi haijakauka.

Mnyororo wa juu usinyooke. T-34 haina vigurudumu vya kuubeba, kwa hivyo unalala juu ya magurudumu makubwa kama kamba ya nguo mbichi. Kata vipande vya sponji ya vyombo, vibane kati ya mnyororo na madigadi, acha mpaka kesho. Mnyororo ulionyooka kama rula ndio unaotambulisha kazi ya mtu wa ndege kabla hata hujaona rangi.

Kesho yake toa sponji, vuta taratibu, na upande mzima utachomoka ukiwa kitu kimoja, magurudumu na mnyororo. Utaupaka rangi nje ya bodi. Ndio maana nilisema usigundishe ekseli.

Onyo kwa wenye maboksi yenye mnyororo laini wa mpira. Gundi ya plastiki haishiki aina nyingi za mpira huo. Tumia supagluu, au shona kwa uzi na ufiche mshono chini ya madigadi. Ukiubana sana, unavuta ekseli za mbele na nyuma hadi kifaru kinakunja miguu. Tena baadhi ya mipira hiyo, ikikaa miezi ikigusa plastiki tupu, huila mpaka gurudumu linakuwa kama nta. Paka magurudumu rangi na vanishi kwanza, ndipo uvike.

Hatua ya 5. Bodi ya juu na tareti, kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga. Wewe umezoea kusugua mpaka kidole kisihisi kitu, kwa sababu ngozi ya ndege ni bati laini. Tareti ya T-34 ilisubiwa kwenye kalibu, ina ngozi kavu kama ya embe dodo lililokomaa vibaya. Ukiisugua umeiharibu. Ikiwa ya kwenye boksi ni laini mno, paka gundi nyepesi eneo la ukucha mmoja, hesabu sekunde tano, kisha dona kwa brashi ya zamani iliyokatwa nywele. Fanya hivyo kwenye tareti tu: bodi ni mabamba yaliyochomelewa, kwa hiyo uso wake ni laini na mishono ndiyo yenye mikunjo. Ule mstari wa ubavuni mwa tareti pia usikimbilie kuujaza. Tareti nyingi za T-34/85 zilikuwa na mstari halisi wa kalibu. Tazama picha kwanza.

Madigadi: plastiki ya milimita 0.5 katika skeli hii ni chuma cha milimita 36, wakati chenyewe kilikuwa bati. Kwangua ukingo kwa chini mpaka uonekane mwembamba. Huku juu hakuna atakayejua.

Hatua ya 6. Toboa mdomo wa mtutu kwa milimita 1. Mzinga wa milimita 85 ukigawa kwa 72 unapata 1.18, kwa hivyo 1 inatosha na inakuachia ukuta.

Hatua ya 7. Praima, kisha kijani. Rangi ya kopo ikipakwa kwenye kitu kidogo huonekana nyeusi kuliko ilivyo. Ongeza sehemu 1 ya rangi ya mchanga kwa sehemu 5 za kijani. Nyeupe usitie, inafanya kijani kiwe kama dawa ya meno. Mpira wa magurudumu ni kijivu cheusi, si nyeusi tupu: paka kijani kwanza, kisha rangi ya mpira iliyozimuliwa izungushwe ukingoni. Itakimbia yenyewe kwenye mfereji.

Hatua ya 8. Stika za maji. Vanishi ya kung'aa mahali pa namba tu, mikono miwili, si kifaru kizima. Kwenye ngozi kavu ya tareti bila vanishi stika itashika hewa na kung'aa kama samaki.

Hatua ya 9. Maji ya uchafu. Rangi ya mafuta ya kahawia nzito, kiasi cha punje ya ndengu, kwenye kijiko cha chai cha tapentaini. Iwe kama turungi. Gusisha kwenye kona na kuzunguka bolti kwa brashi ndogo, usiogeshe mwili mzima. ONYO: tapentaini ikijikusanya kwenye ekseli iliyobanwa, plastiki hupasuka. Vanishi kwanza, na chomoa upande wa magurudumu kabla ya kuanza.

Hatua ya 10. Rudisha magurudumu, vanishi isiyong'aa, umemaliza.

MASWALI

Kondele_Hewani: Somo safi mkuu. Naomba kujua, mnyororo natumia gundi gani?

Jibu: Hatua ya 4.

Kondele_Hewani: Nimeona. Na nikikosa gundi ya plastiki, asetoni ya kutoa rangi ya kucha itafanya?

Jibu: Itafanya magurudumu yako yawe uji. Hapana.

Rubani_Kericho: Miaka yote naunda ndege na sijawahi kuhitaji kioo. Naona hapa tunatishwa bure.

Jibu: Ndege zako zina magurudumu mangapi, kaka? Rudia aya ya tatu. Asiyetaka kioo asitumie, ila asinitumie picha akiuliza kwa nini gurudumu la tatu linaning'inia.

Nyakio_Lanet: Asante mwalimu. Changu nimekimaliza, mnyororo umelala vizuri, rangi safi, lakini bado kinaonekana kama cha kuchezea. Kitu gani kinakosekana? Nimetumia maji ya uchafu meusi kwenye mistari yote kama ninavyofanya kwenye ndege.

Jibu: Dada Nyakio, umeshajijibu nusu. Ndege ina mistari ya mabamba, ukiijaza nyeusi jicho linakubali. Kifaru hakina mistari, kina kona: chini ya kifuniko, nyuma ya kishikio, mahali tareti inapokaa. Nyeusi kwenye kila kitu inakifanya kiwe katuni. Kifute kwa kijiti cha pamba chenye tapentaini kidogo, ukivuta kutoka juu kwenda chini jinsi mvua inavyoteremka, acha uchafu kwenye kona tu. Halafu chukua kijani chako, ongeza mchanga zaidi, futa brashi kwenye karatasi mpaka ikaribie kukauka, pitisha juu ya kingo kwa wepesi. Mwisho ni vumbi, na hapo kifaru kinatua ardhini. Saga chaki ya kahawia na ya kijivu, pakaza magurudumuni na chini ya bodi, juu kidogo sana. Tareti yenye vumbi sawa na magurudumu inaonekana imezikwa, haijaendeshwa.

Nyakio_Lanet: Chaki nitapata. Udongo wa kweli je? Hapa Nakuru vumbi ni la bure.

Jibu: Ni bure na jina la mji linasemekana linatokana na vumbi hilo kwa Kimaasai, lakini chembe ya nusu milimita kwa skeli hii ni jiwe la milimita 36. Chekecha kwa soksi nyembamba mara mbili, kisha uchukue ile inayobaki hewani ukitikisa. Kwa matope ya chini inafaa, ukichanganya na gundi nyeupe iliyozimuliwa. Kwa vumbi la juu baki na chaki.

Dunga_72: Mimi niko Kisumu. Vanishi isiyong'aa imenigeuka nyeupe kama ukungu, mara mbili sasa. Kopo bovu?

Jibu: Kopo ni zima. Kimiminika kikiruka hewani haraka hupoza uso, unyevu wa hewa ya ziwa unatua juu yake, na vanishi inakauka ikiufungia humo. Usinyunyize jioni wala baada ya mvua. Saa nne hadi saa nane mchana, jua likiwa kali, mkono mwepesi, pumzika dakika 10 kati ya mkono na mkono. Kile kilichoharibika, jaribu kunyunyizia juu yake vanishi ya kung'aa ya aina ileile siku kavu. Mara nyingi ukungu huondoka, kisha urudie isiyong'aa.

Dunga_72: Shukrani. Tatizo la jioni nalijua kwa njia nyingine: usubi wa ziwani ukiona taa unakuja kwa maelfu na kujibandika kwenye rangi mbichi.

Ahero_Plastiki: Funika kwa beseni uliyoilowesha maji kwa ndani, halafu zima taa. Ukishabandikwa usiung'oe ukiwa mbichi. Acha ukauke, mwili unafutika kwa msasa, miguu inabaki kidogo tu.

Jibu: Beseni ndiyo. Ila mimina maji yote, tone likidondoka utatamani usubi.

Mlima_Elgon: Ningependa kuunda kifaru cha jeshi letu, Vickers Mk 3. Naweza kukata T-34 nikageuza?

Jibu: Usikate. Vickers ina magurudumu sita kila upande na vile vidogo vya juu vinavyobeba mnyororo, kwa hiyo hakuna kulala kama kwa T-34. Mzinga ni milimita 105, yaani tundu la 1.46 kwa skeli hii. Tareti ni umbo tofauti kabisa. Kinachofanana ni sproketi kuwa nyuma. Maliza kimoja kwa maelekezo ya boksi kwanza, kisha uje tuzungumze michoro. Hiyo nitakusaidia kwa moyo wote.

Ahero_Plastiki: Ya pembeni: kamba ya chuma ya kuvutia, ile ya boksi itupeni. Fungua waya wa chaja iliyokufa, chukua nyuzi tatu za shaba, zisokote kwa drili ya mkono. Inatoka milimita 0.3 hivi, na inakaa inavyolazwa.

Jibu: Kweli. Pitisha kwenye moto wa mshumaa kwanza, shaba inalegea na haitaruka.

Kondele_Hewani: Mkuu, hiyo shaba nagundisha na gundi gani?

Jibu: Supagluu. Na ninakuona.