Lori Zima au Kuchangia: Namna ya Kuamua Unaposafirisha Bidhaa kutoka Mombasa

Mfanyabiashara anayepeleka bidhaa bara hukabiliwa mapema na swali la kama akodi lori zima au achangie lori na wenye mizigo wengine. Wengi hulijibu kwa kutazama uzito peke yake, ilhali lori hujaa kwa njia mbili. Mifuko 200 ya saruji ya kilo 50 hufikia tani 10 na bado huacha sehemu kubwa ya trela wazi. Magodoro ya sponji hulijaza trela hilohilo hadi turubai likashindwa kufungika, na uzito wake ukawa si kitu. Kwa hiyo pima urefu, upana na kimo cha katoni au robota moja, zidisha kwa idadi, kisha uandike ujazo huo kando ya uzito wa jumla kabla ya kuomba bei.

Hatua inayofuata ni kutafuta mpaka wako, yaani idadi ya katoni ambayo ukiizidi, lori zima huwa nafuu kuliko kuchangia. Tuseme lori zima la kwenda Nairobi ni shilingi 60,000, na bei ya kuchangia ni shilingi 250 kwa katoni. Ukigawanya utapata katoni 240, na hapo ndipo bei hizo mbili zinapokutana. Hata hivyo, kuchangia kuna gharama ambazo lori zima halina: kufikisha mzigo kwenye bohari ya msafirishaji, kuwalipa makuli mara nyingine, na kukodi gari dogo la kuufikisha kwa mteja. Zikiwa shilingi 15,000 kwa jumla, mpaka hushuka hadi katoni 180. Hapo bado hujahesabu siku ambazo mzigo hulala ukingoja lori lijae, na kwa maoni yangu hizo ndizo zinazoumiza zaidi mwenye mteja asiye na subira.

Hesabu pia mzigo utashikwa mara ngapi. Katika lori zima hupakiwa mlangoni kwako na kushushwa mlangoni kwa mteja. Wa kuchangia hupakiwa na kushushwa bohari hadi bohari, na kila mkono unaoupokea ni nafasi ya kuvunjika au kupotea. Vigae na vioo, basi, vinastahili lori lao hata kama halikujaa. Khanga za Biashara Street hazivunjiki, na kuchangia huzifaa sana, mradi uulize zitasafiri na nini: robota lililolala ubavuni mwa magunia ya ng'onda, yaani samaki waliokaushwa, mteja atalinusa kabla hajalifungua. Lifunge kwa nailoni nzito, na uandike jina la mpokeaji pande mbili.

Usisahau mizani ya Mariakani, ambako malori ya barabara ya Mombasa–Nairobi hupimwa uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha juu kabisa cha tani 56 kwa lori pamoja na mzigo wake, na kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ina kikomo chake. Ukichangia, pupa ya mwenye lori au uongo wa mchangiaji mwingine kuhusu uzito utazuia bidhaa zako pia, ijapokuwa zako zilipimwa kwa haki.

Kuna njia ya tatu inayosahauliwa mara nyingi: kukodi Canter nzima, yaani lori dogo, badala ya kuchangia trela. Kwa mzigo wa tani mbili au tatu wenye haraka, huenda ikawa ndiyo nafuu. Na iwapo bidhaa zako zinateremka kutoka Nairobi kuja Mombasa, ulizia malori yanayorudi bandarini, kwa kuwa mengi hupanda na shehena na kushuka matupu, na mwenye lori tupu husikiliza bei.

Ukishaamua, dai hati inayotaja idadi ya katoni, hali yake zilipopokelewa, siku ya kufika, na nani atalipa zikiharibika njiani. Kwa mzigo wa kuchangia, zihesabu mwenyewe pamoja na karani wa bohari, mtie sahihi wote wawili, na upige picha kabla turubai halijafunikwa.