Kabla hujazama chumvini, angalia haya kwanza

Jamani hili tuliongee bila kuoneana aibu, maana watu kibao wanaamini mambo ya mdomo, yaani kufanya mapenzi kwa mdomo, ndo yale salama, hakuna mimba, hakuna ukimwi, basi kazi imeisha. Mimba kweli hakuna. Na HIV kwa njia hiyo uwezekano wake ni mdogo sana, hilo nalo kweli. Ila kisonono, kaswende, hepesi na HPV (kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi) havichagui mlango, koo lina utando laini wenye unyevunyevu kama huko chini na wadudu wanakaa humo bila wasiwasi.

Cha kwanza ni kupima, na hapa ndo wengi tunapigwa chenga. Mtu anatoa mkojo, majibu safi, anarudi home kifua mbele. Mkojo hauonyeshi kilichopo kooni! Kisonono cha kooni mara nyingi hakina dalili yoyote, kikijitahidi sana ni koo kukereketa kama mafua yanataka kuanza, na ili kionekane lazima wapitishe kijiti chenye pamba kooni wapeleke maabara. Sio kila kituo wanafanya hicho kipimo kwa hiyo uliza kabla hujalipia. Jamaa yangu mmoja alizunguka na koo wiki kadhaa, duka la dawa wakampa amoksilini, haikusaidia, akarudi wakambadilishia vidonge vingine, hakuna aliyemuuliza mambo ya chumbani na yeye hakusema, mpaka mpenzi wake alipoanza kutokwa uchafu ndo wakaenda hospitali wote wawili. Iliniuma kwa sababu sindano ya seftriaksoni ipo na inatibu, tatizo cha kooni ni kibishi kuliko cha sehemu za siri na hivi vidonge vya kujinunulia vinazidi kukifanya sugu.

Kaswende na HIV damu inatosha, ila usipime leo kwa tukio la juzi ukasema uko poa. Kidonda cha kaswende kinaweza kutokea siku 10 mpaka 90 baadaye, na hakiumi, kinaweza kujificha chini ya ulimi au ndani ya mdomo, kinakaa wiki kadhaa kinapotea chenyewe, unadhani umepona kumbe ndo kimeingia ndani.

Kwa hiyo siku yenyewe chukua tochi ya simu, simama kwenye kioo, panua mdomo, inua ulimi, angalia fizi na mashavu kwa ndani. Hivyo vipele vya maji pembeni ya mdomo ambavyo tumezoea kusema malaria imetokea, mara nyingi ni hepesi hiyo hiyo, na ukimnyonya mwenzio ukiwa navyo unampelekea huko chini. Subirini vikauke kabisa na ngozi irudi kawaida. Na mwenzio naye akiwa na kidonda, malengelenge au uchafu wenye harufu, ahirisheni, hakuna atakayekufa kwa kukosa siku moja.

Meno nayo watu hawayafikirii. Kama umeng'oa jino, una kidonda cha mdomo, au fizi zinavuja damu ukipiga mswaki, hiyo ni njia ya wazi. Usipige mswaki kwa nguvu wala kuchokonoa meno muda mfupi kabla, sukutua na maji tu. Ile dawa ya kusukutua sio kinga.

Kinga ni kondomu, na kwa mwanaume inavaliwa kabla mdomo haujagusa kitu, sio katikati. Za ladha zipo madukani. Kwa mwanamke chukua kondomu, ikunjue, kata ncha kwa mkasi, kata na ile pete, halafu ipasue kwa urefu, utapata kipande cha mraba unakitandaza juu. Usibadilishe upande ukishaanza, na mkienda sehemu ya nyuma tumia kipya maana huko kuna homa ya ini A na minyoo. Mafuta ya nazi na kondomu za mpira haviendani, zinachanika.

Chanjo: homa ya ini B ipo hata kwa watu wazima. Ya HPV, ambayo kirusi chake kinaleta saratani ya mlango wa kizazi na ya koo pia, Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima 2018 kwa mabinti wa miaka 14, kwa hiyo kama una binti nyumbani asikose.

Na kama limeshatokea la kutokea na una wasiwasi na HIV, mfano shahawa au damu imeingia kwenye kidonda mdomoni, dawa za PEP, zile za kuzuia HIV isishike baada ya tukio, zinaanza ndani ya saa 72, usisubiri Jumatatu. Ukifika kwa nesi sema wazi kabisa, "Nimetumia mdomo pia, naomba na koo liangaliwe." Ukikutwa na kisonono, mwenzio atibiwe, mkae siku 7 bila kugusana baada ya dawa, na wewe wa kooni rudi baada ya wiki mbili hivi upimwe tena.