Jinsi ya kutafuta damu tumboni kwa ultrasaundi, mgonjwa wa ajali akifika

Mgonjwa kaletwa toka kwenye ajali, presha inashuka na hujui anavujia wapi, hapo ndo unapiga FAST, yaani ultrasaundi ya haraka ya kutafuta damu iliyovujia ndani. Usihangaike kutafuta ini limepasuka wapi, unatafuta kitu kimoja tu, weusi mahali ambapo hautakiwi kuwepo, manake damu ambayo haijaganda inatokea nyeusi kwenye skrini.

Mlaze chali, chukua probu ya tumbo ile iliyopinda, jeli usiibanie, alama ya probu iangalie kichwani. Anzia ubavu wa kulia, utaona ini na figo vimelaliana. Damu ikiwepo kuna kamstari keusi kanapita katikati yao, saa zingine kembamba kama uzi. Wengi wakishaona hapo pasafi wanahama, naomba sana usihame kabla hujateremka mpaka kwenye ncha ya chini ya ini, damu ikiwa kidogo mara nyingi inaanza kuonekana pale, na kawaida mpaka ifike kama mililita 200 hivi ndo unaiona.

Kushoto ni pagumu, figo ya huku iko juu zaidi na nyuma zaidi kwahiyo peleka mkono nyuma mpaka vifundo vya vidole viguse godoro, afu angalia juu ya bandama chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, damu inapenda kujificha huko kuliko pale kati ya bandama na figo. Kibofu kiangalie kingali na mkojo, yaani kabla ya katheta (mpira wa mkojo), na uangalie nyuma yake, kwa mwanamke na nyuma ya kizazi pia. Moyo unauchungulia kupitia chini ya chembe, kama kuna damu imeuzunguka.

Angalizo, damu iliyoganda inakua ya kijivu, unaweza kuipita hivihivi ukadhani ni nyama.

Ukikuta damu tumboni na presha imegoma kupanda hata baada ya kumwongezea maji na damu, ni thieta akapasuliwe, usimpeleke CT, ile mashine ya picha za ndani. Presha ikiwa imetulia, CT sawa. Usipoona kitu usiandike kwamba tumbo halina shida, utumbo uliotoboka na damu iliyo nyuma kwenye figo vinakwepa sana hiki kipimo. Nilishapiga mgonjwa akawa msafi kabisa, baada ya nusu saa mapigo yakapanda, nikarudia, weusi ulikua pale pale kwenye ncha ya ini.