"Usually": mwongozo kwa wanaofanya kazi na wageni

Mgeni akiuliza boti hutoka saa ngapi, kwa Kiswahili tunajibu "hutoka saa tatu" na mazungumzo yamekwisha. Ile "hu-" haisemi kama ni kila siku bila kukosa, au siku nyingi, au ikipata abiria wa kutosha. Msikilizaji hujazia mwenyewe. Kiingereza hakina "hu-", kwa hiyo kiasi lazima ukitamke. Ukisema "The boat leaves at nine", mgeni anasikia ratiba, na saa tatu na dakika tano ataanza kuangalia saa yake. Ukisema "The boat usually leaves at nine", umemwambia ndiyo kawaida, ila zipo siku inachelewa.

Kwa makadirio tu, "always" ni siku kumi katika kumi, "usually" ni nane au tisa, "often" iko chini kidogo ya hapo, "sometimes" ni mara mojamoja na "never" ni hata siku moja. Tatizo la watembezaji wengi ni kukimbilia "always" kwa sababu linauza. Pomboo wa Kizimkazi hawana mkataba na mtu. "You always see dolphins" ni ahadi, na asiyewaona ana haki ya kuja kudai pesa zake. "We usually see dolphins in the morning" inauza vilevile na haikufungi.

Sasa mahali pa kuliweka. Angalia sentensi hizi mbili, zote za masika:

"It usually rains in April."
"April is usually wet."

Habari ni moja, nafasi ni mbili. Kitenzi cha kawaida kama "rain", "open", "sell" au "close" hutanguliwa na "usually". Lakini "am", "is", "are", "was" na "were" hutangulia wao, "usually" ikafuata. Zingatia pia ile "s" ya "rains": haiondoki kwa sababu neno limeingia katikati. "He usually go" ni kosa linalosikika hata kwa waliomaliza skuli zamani.

Kukiwa na kitenzi kisaidizi, "usually" hukaa baada ya kile cha kwanza. "You can usually buy grilled octopus at Forodhani in the evening." "Cloves are usually dried in the sun." Sentensi hii ya pili inamfaa sana anayepeleka wageni kwenye mashamba ya Pemba, kwa vile maelezo mengi ya kazi ya karafuu, kuanzia kuchuma hadi kuanika kwenye majamvi, huja kwa mtindo huo huo: "are usually picked", "are usually spread on mats".

Usilitie kati ya kitenzi na kinachotendwa. "We cook usually pilau" haikubaliki. Sema "We usually cook pilau". Mwanzoni mwa sentensi linakubalika: "Usually, we close at midday on Fridays." Ruhusa hiyo "always" haina, kwa hiyo usiseme "Always we close".

Kwenye swali wengi wanateleza, maana "Huwa unaamka saa ngapi?" inageuzwa neno kwa neno ikawa "Usually you wake up what time?" Weka "do", kisha mtu, kisha "usually": "Do you usually take sugar?", "What time do you usually have breakfast?" Kukanusha ni hivyo hivyo: "We don't usually go out at night." Jibu fupi ndilo lina mtego. Mgeni akiuliza "Is the beach quiet?", jibu ni "It usually is", si "It is usually", ambayo inamwacha akingojea umalizie.

Kosa la "I used to" linahitaji kushughulikiwa peke yake, kwa sababu linabadilisha maana kabisa. Mtu anataka kusema huwa anaongoza safari za Jozani, anasema "I used to guide in Jozani". Mgeni anaelewa kwamba aliacha kazi hiyo. "Used to" ni la mambo yaliyokuwapo na yamekwisha. Ya sasa ni "I usually guide in Jozani".

Lipo na lile la "I am usually waking up at five", linalotokana na "-na-" yetu. Tabia hutaka kitenzi kitupu: "I usually wake up at five." Umbo la "-ing" lina nafasi yake pale tu unapotaka kusema saa fulani humkuta mtu yuko katikati ya jambo: "At one o'clock on Fridays, the men are usually praying."

Kuna mahali ambapo "usually" haifai hata ukiipanga sawasawa. Paje na Jambiani wageni huuliza maji hujaa saa ngapi, na ni rahisi kujibu "High tide is usually at ten." Si kweli. Saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo anayefuata jibu hilo wiki inayofuata atakuta maji yametoka mbali na kina mama wapo kwenye mashamba ya mwani. Jibu la leo tu: "High tide is at ten today. Tomorrow it will be later."

Kwa matamshi, silabi ya kwanza ni "yuu", yenye mkazo. Katikati kuna sauti tusiyo nayo. Tamka "sh" huku koo likitetemeka, na ukishindwa tumia "z", utaeleweka. Katika kuandika, "l" ni mbili.

Jipime kwa sentensi tatu, na ukumbuke kubadili saa: "Chakula cha usiku huwa tayari saa mbili." "Huwa hatupokei dola za zamani." "Huwa unakunywa chai au kahawa?" Majibu: "Dinner is usually ready at eight." "We don't usually accept old dollars." "Do you usually drink tea or coffee?" Kama hoteli yako haipokei dola za zamani hata mara moja, ondoa "usually" katika jibu la pili. Ukiiacha, mgeni atajaribu.