Shotgani ya kizamani ya mitutu miwili: risasi kuingia haimaanishi ni yake

Wadau mlioko nje, naona siku hizi wengi tumezipenda hizi shotgani za mitutu miwili za miaka ya mababu, zile zenye kitako cha mbao nzuri na chuma kilichochongwa maua, na kweli zinavutia, ila kuna mtu ananunua mnadani jumamosi na jumapili keshaenda kuipiga. Hapo ndo naomba tuongee.

Makaratasi kwanza, chapchap. Marekani sheria ya shirikisho inahesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa antiki na haiibani kama bunduki za kawaida, japo majimbo nayo yana sheria zao. Sasa kama uko kwa viza ya muda, mfano ya masomo, sheria hiyohiyo inakukataza bunduki na RISASI pia, labda uwe na leseni halali ya uwindaji ya hukohuko. Yani bunduki inaweza kuwa antiki lakini risasi ulizonunua jana si antiki, wengi hawalioni hilo na kesi ya silaha kwa mgeni inaweza kula mpaka ukaazi wako. Uingereza sheria ya 1968 inakuruhusu kutunza baadhi ya silaha za kale kama pambo tu, na shotgani za saizi za kawaida kama ya 12 hazimo, zinahitaji cheti hata za kutunza, na hata iliyomo ukishataka kuipiga unahitaji cheti cha shotgani kutoka polisi na ukipate kabla ya kuanza kupiga, sio baadae.

Haya, bunduki yenyewe. Ukifika kwa muuzaji usiangalie mbao, omba ruhusa, ifungue uhakikishe haina kitu, vua mitutu uchungulie ndani kuelekea kwenye mwanga. Unatafuta vishimo vya kutu, sehemu iliyobonyea, na kivuli cha duara kama pete, hicho kivuli mara nyingi maana yake mtutu ulishavimba siku moja. Kisha ininginize mitutu kwenye kidole uigonge taratibu na kitu cha mbao, ikilia kama kengele vizuri, ikilia kama sufuria iliyopasuka basi kuna kiungo kimeachia. Irudishe mahali pake ila ukiacha ule mbao wa mbele, ufunge uitikise, ikicheza au ukaona mwanga kati ya mitutu na uso wa bunduki inapoegemea, hiyo imechoka. Na kitako, angalia nyufa pale kiganja kinaposhika.

Ukiona mitutu ina michoro kama mawimbi au maji yanayozunguka hiyo ni damaski, vipande vya chuma laini na chuma kigumu vilivyosokotwa na kufuliwa pamoja. Ni mizuri mno kwa macho (mimi mwenyewe ninayo moja na kazi yake ni kukaa ukutani, fundi bunduki alipima akanikataza kabisa). Nyingi zilitengenezwa enzi za baruti nyeusi, baruti ya kisasa inasukuma tofauti kabisa na inaweza kuupasua mtutu pale mkono wako wa kushoto uliposhika.

Ndo maana mihuri ni muhimu. Chini ya mitutu utaona alama za nyumba za majaribio, yani ofisi zinazopima kama mtutu unahimili baruti, Uingereza ziko London na Birmingham, za Liège kule Ubelgiji zina herufi ELG ndani ya duara la yai. Bunduki za Uingereza zilizojaribiwa kwa baruti ya kisasa mara nyingi hua na herufi NP, kwa za Birmingham ziko chini ya taji. Lakini muhuri unasema bunduki ilivyokua siku ile tu, mtu akija akaukwangua mtutu kuondoa kutu chuma kimepungua na muhuri uko palepale unakutabasamia. Kwa hiyo mpelekee fundi anayezijua za kale apime unene wa kuta za mitutu, wengi hawataki chini ya nusu milimita, na apime chemba, yani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa.

Chemba sasa, hapa ndo watu wanaumia. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zina chemba ya milimita 65, risasi za kawaida leo ni 70. Hiyo ya 70 inaingia vizuri tu na bunduki inafunga kwa sababu ule urefu ulioandikwa ni wa ganda likishafunguka, ukipiga mdomo wa ganda unafunguka pale mtutu unapoanza kubana na presha inapanda. Tafuta risasi za urefu wake, nyepesi, za presha ya chini, na usiweke marisau (zile punje ndani ya risasi) ya chuma kabisa, ni magumu yanaharibu mitutu ya zamani. Pia usichanganye saizi ya 20 na ya 12 mfuko mmoja, ya 20 ni nyembamba kuliko ya 12 kwa hiyo inazama ndani ya mtutu wa 12 inakwama mbele ya chemba, unadhani hujajaza unaweka ya 12 nyuma yake, hapo mtutu unalipuka.

Siku ya kupiga vaa miwani na vizuia masikio, chungulia mitutu tena, alafu jaza mmoja tu. Zile nzee triga zinaweza kua zimelika ukavuta moja zikatoka zote mbili. Sefti nayo usiiamini, nyingi zinazuia triga peke yake, bunduki ikianguka nyundo ya ndani bado inaweza kupiga, so ukivuka uzio fungua utoe risasi. Ukivuta ikagoma usifungue haraka, elekeza mtutu kwenye shabaha hesabu angalau mpaka 30.

Kila ganda likitoka liangalie. Limepasuka, au ile fataki ya nyuma inayowasha baruti imetoboka, acha hapohapo, rudi kwa fundi.