Pikapu ya Zamani Isiyokula Mafuta: Anza na Tairi, Injini Baadaye

Mwenye pikapu ya zamani akichoshwa na mafuta, wazo la kwanza huwa kung'oa injini. Mimi naanzia chini: tairi, difu (gia za ekseli ya nyuma), giaboksi, halafu ndipo tuzungumze injini. Pikapu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka kiwandani na gia tatu au nne, gia ya mwisho ikiwa moja kwa moja (propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma, inazunguka sawa na injini), na nyuma zikafungwa difu ya kuvutia mzigo. Ukizipeleka barabara kuu, injini inazunguka mno kwa kazi ndogo, na kila mzunguko wa ziada ni msuguano unaoulipia kwa petroli. Injini mpya ukiifunga kwenye gia zilezile, tatizo umelihamisha tu.

Tafuta namba tatu kabla ya kununua chochote. Ya kwanza ni mzingo wa tairi la nyuma. Piga alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mpaka tairi limalize mzunguko mmoja, kisha pima umbali. Usitegemee maandishi ya ubavuni, maana tairi lililobeba gari hubonyea kidogo.

Ya pili ni difu. Kibati chake cha namba mara nyingi kimeshapotea, na hata kikiwepo huenda mtu alishabadilisha meno ya ndani. Weka kabari tairi za mbele, inua tairi moja la nyuma na uliegemeze kwenye stendi, gia iwe huru. Zungusha tairi hilo mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, unayo difu ya 4.11 au jirani yake, yaani propela huzunguka mara 4.11 kila tairi zikizunguka mara moja. Njia hii ni ya difu ya kawaida. Yenye loki, inayofunga tairi mbili zizunguke pamoja, inataka tairi zote mbili ziinuliwe, na hapo unazungusha mara moja tu.

Ya tatu ni mwendo unaokwenda nao kweli siku nyingi. Hapa uwe mkweli, kwa sababu hesabu yote inasimama juu yake.

Chukua pikapu yangu, Ford F-100 ya 1972 yenye silinda sita za mstari, lita 4.9. Mzingo wa tairi ni mita 2.25. Kilomita 90 kwa saa ni mita 1500 kwa dakika, kwa hiyo tairi linazunguka mara 667 hivi. Zidisha kwa difu ya 4.11 iliyokuja nayo: injini inazunguka mara 2740 kwa dakika. Kwa injini hii hiyo ni kelele tupu. Pistoni zake zina mwendo mrefu, na matoleo yake ya mwisho yalitoa nguvu kubwa ya kuvuta kwenye mizunguko 2000 hivi.

Nikafunga giaboksi ya gia tano ya F-150 ya miaka ya 1990, ambayo gia ya tano ni 0.80 (injini huzunguka mara 0.80 tu propela ikizunguka mara moja; hiyo ndiyo ovadraivu), pamoja na difu ya 3.50. Zidisha 3.50 kwa 0.80 upate 2.80, mwendo uleule sasa ni mizunguko 1870 hivi. Na wala sikupoteza nguvu ya kuondokea. Gia ya kwanza ya zamani ilikuwa karibu 3, ambayo ukizidisha kwa 4.11 inakupa 12.3. Mpya ni 3.90 mara 3.50, yaani 13.65. Gari linaondoka na mzigo kwa urahisi kuliko mwanzo, na barabarani linatulia. Ndiyo maana napenda kubadili giaboksi kuliko kushusha difu peke yake: ukifunga difu ya 3.00 na kubaki na gia tatu, klachi ndiyo itakayoteseka kila ukianza kupanda mlima.

Lakini usidhani mizunguko ikizidi kushuka ndiyo faida inazidi. Injini ya petroli ikienda polepole, unafungua zaidi mlango wa hewa wa kabureta ili ipate nguvu, na hilo ni jema: haihangaiki kuvuta pumzi kupitia tundu dogo. Ukizidisha, vakyumu (mvuto wa hewa kwenye njia ya kuingizia hewa ya injini) inaanguka, vali ya nguvu ndani ya kabureta inafunguka na kumwaga petroli ya ziada. Kwenye kabureta nyingi za Holley hilo hutokea vakyumu ikishuka hadi inchi 6.5 za zebaki hivi. Kwa hiyo funga geji ya vakyumu mbele ya macho yako. Ikikaa chini kwenye barabara tambarare, au injini ikigonga, gia ni ndefu mno kwa injini hiyo, yaani inashusha mizunguko kupita kiasi. Rudi gia moja. Hakikisha pia bomba la vakyumu la distribyuta (kigawa cheche) limeunganishwa. Wapo wanaolichomoa na kuliziba, na hapo cheche huchelewa wakati gari linatembea bila mzigo.

Sasa injini. Silinda sita iliyo nzima ibakize. V8 ya lita 5.7 yenye kabureta sijawahi kumshauri mtu kwa ajili ya mafuta. Chevrolet V8 ya lita 5.3 yenye injeksheni, iliyoanza 1999, ni jambo jingine, mradi uichukue na giaboksi yake ya ovadraivu na kompyuta yake. Kamshafti ya mashindano iache: inapeleka nguvu juu, mahali ambapo hutafika.

Cummins 4BT, dizeli ya lita 3.9 na silinda nne, kweli hula kidogo. Ila ina uzito wa zaidi ya kilo 300, inatikisa, na ikifika mizunguko 2500 hivi imeshatoa nguvu zake zote. Rudi kwenye hesabu yetu: kwa 4.11 bila ovadraivu, kilomita 90 tayari zimeipita. Anayeitaka anunue gia ndefu na springi za mbele siku hiyohiyo.

Na upepo, ndugu yangu. Ukitoka 90 kwenda 110, ukinzani wa hewa unaongezeka kwa karibu nusu, na bodi ya pikapu ya zamani ni ukuta. Hakuna difu inayorudisha hasara hiyo.

Ukimaliza kazi, linganisha spidomita na GPS kabla ya kupima mafuta. Kebo yake inatoka kwenye giaboksi, hivyo ukibadili difu au tairi, kilomita inazoandika ni za uongo. Badilisha kigia kidogo cha kebo, jaza tenki hadi shingoni, tembea mpaka likaribie kuisha, jaza tena kwenye pampu ileile, na gawanya lita kwa kilomita zilizosahihishwa.